Nilimnyima mbwa maji, nikakiona cha mtema kuni!

Msomaji wangu, najua kwenye ukurasa huu umezoea kunikuta nikichonga habari za viwalo, misele ya wikiendi na visa vya wapangaji na wenye nyumba. Leo nivumilie kidogo. Leo nataka tuongee kuhusu mkojo. Tena si mkojo wa binadamu, ni mkojo wa mbwa! Kama uko mezani unapata kifungua kinywa, weka gazeti pembeni, malizia chapati yako kwanza, halafu urudi.

Usinicheke. Hata mimi zamani nilikuwa nacheka. Nikipita pande za Masaki jioni na kuwaona watu wazima wanatembeza mbwa kwa kamba, nilikuwa nabaki hoi. Nilikuwa najiuliza, hivi huyu ndiye anamtembeza mbwa au mbwa ndiye anamtembeza yeye? Mimi mtoto wa Temeke bwana. Kwetu mbwa alikuwa mbwa. Analala nje, anakula ukoko, akiumwa anapotea, na baada ya wiki mbili anatokea mwingine. Bi mkubwa wangu mpaka kesho hataki mbwa avuke kizingiti chake, na sababu zake za dini nazijua na naziheshimu.

Mambo yalibadilika pale mjomba alipohamishiwa Mwanza kikazi. Mjomba ana nyumba yake Mbezi Beach, na hakutaka kuipangisha. Akanipigia simu, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe kazi yako ya kuandika andika hizo makala unaweza kuifanyia popote. Njoo ukae kwangu, lipa umeme tu, na uniangalizie Drafti."

Drafti ni mbwa wa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi. Kama uliwahi kuona ile katuni ya Disney ya mwaka 1961 yenye mbwa mia na moja, au ile filamu ya mwaka 1996 waliyocheza watu wenyewe, basi unamjua. Watoto wa mjomba ndio waliompa jina, walisema anafanana na ubao wa drafti. Dume la miaka minne, kilo 25, mbio kama mshale, na sura ya upole kama ya mchumba aliyekuja kujitambulisha.

Mimi nikaona huu ulaji wa bure. Nyumba ya bure, geti, veranda ya vigae, mwembe uani. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na anaishi kwa malipo ya makala moja moja, hiyo ni babu kubwa! Kazi yenyewe ni kumlisha mbwa tu. Nani atashindwa kumlisha mbwa?

MAINI, DAGAA NA MAJI YA CHUMVI

Mjomba aliacha mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa cha dukani. Ulipoisha nikaenda kuulizia bei, nikatoka dukani bila hata kuaga. Nikajisemea, kwani wazee wetu walikuwa wananunua vyakula vya mfuko? Nikatunga menyu yangu. Nina mshikaji wangu ana bucha, akawa ananipa kwa bei ya kutupa maini, figo na bandama za mwisho wa siku. Nikawa nachanganya na dagaa na ugali wa dona. Drafti alikuwa anakula mpaka sufuria inang'aa! Kuna siku nilimwangalia anavyojilia maini, mimi niko na maharage yangu ya jana, nikacheka peke yangu. Nikajiona bingwa wa malezi.

Sasa ngoja nikueleze upande wa maji, maana hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwa mjomba kuna kisima, ila kama visima vingi vya ukanda ule wa karibu na bahari, maji yake ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, na ukipikia chai utadhani mtu kaitia chumvi badala ya sukari. Ya bomba wakati ule yalikuwa yanakuja yanapojisikia. Kwa hiyo maji ya kunywa nilikuwa nanunua ya dumu, shilingi mia tano dumu moja. Haya matamu nikayaweka yangu. Drafti nikampa ya kisima, kwenye dumu nililolikata katikati, nikaliweka uani juani. Alikuwa analisogelea, ananusa, anaramba mara mbili, halafu ananitazama. Mimi nilidhani ananishukuru.

Haikuishia hapo. Kila asubuhi nilikuwa nakuta dimbwi kwenye vigae vya veranda, na mimi kupiga deki sikupenda tangu nikiwa bwenini. Basi nikaja na sayansi yangu ya kidato cha nne: kisichoingia hakitoki. Ikifika saa kumi na mbili jioni naondoa dumu la maji, namfunga mnyororo verandani, namfungulia saa mbili asubuhi. Saa kumi na nne bila tone la maji na bila nafasi ya kwenda kujisaidia uani, maana mbwa aliyezoea usafi akifungwa hujibana.

Veranda ikawa kavu. Nikamtumia mjomba ujumbe wa kujisifu, nimemfundisha mbwa wako adabu!

MTAA MZIMA MADAKTARI

Baada ya wiki kama tatu hivi nikaanza kuona vituko. Drafti ananyanyua mguu kwenye mwembe, anasimama pale kama anapigwa picha, halafu vinatoka vitone viwili vitatu. Anahamia kwenye tairi, vile vile. Anahamia kwenye geti, vile vile. Halafu anakaa chini anajiramba kule chini muda mrefu. Siku moja niliona tone kwenye kigae cheupe, lina rangi ya waridi.

Hapo mtaa mzima ukawa daktari. Mlinzi wa jirani akasema, "Huyo ana gono, kalitoa kwa majike ya ufukweni." Mama muuza genge akasema kapigwa teke. Jamaa wa duka moja la dawa za mifugo, bila hata kumwona mbwa, akaniuzia vidonge vya minyoo. Na mshikaji wangu wa bucha, kwa nia njema kabisa, akaniambia nimpe diklofenaki, hizi hizi tunazomeza sisi mgongo ukiuma. Nilizinunua! Kilichomwokoa Drafti ni kwamba aling'ang'ania kufunga mdomo, nikachoka.

Baadaye niliambiwa jambo ambalo nataka ulishike vizuri. Dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Hata hii parasetamo tunayoiona ya kitoto inaweza kumdhuru vibaya. Mbwa si mtu mdogo mwenye mkia.

Alhamisi moja usiku, saa tano na kitu, nikasikia mtu anaguna verandani. Nikatoka na panga nikidhani ni mwizi. Ni Drafti. Kachuchumaa, mgongo kaukunja, anajikamua, hakitoki hata kitone. Nikamgusa tumbo kwa chini, gumu kama mpira wa miguu uliojazwa upepo ukapitiliza. Akatapika povu. Akanitazama vile vile alivyokuwa ananitazama kwenye dumu la maji ya chumvi.

Kwenye friji mjomba alikuwa amebandika kadi ya chanjo yenye namba ya daktari wa mifugo. Nikapiga nikijua haitapokelewa. Akapokea mwanamke, sauti ya usingizi. Nikamweleza. Usingizi ukamtoka.

"Mara ya mwisho kukojoa mkojo wa kueleweka ilikuwa lini?"

Nikajibu sijui, dokta.

"Mlete sasa hivi. Usisubiri asubuhi. Na usimkamue tumbo, kibofu kinaweza kupasuka."

Sasa nikupe kisa cha bajaji. Ya kwanza ilimwona mbwa ikaongeza mwendo. Ya pili ikasimama, dereva kijana wa rika langu, akatikisa kichwa. "Kaka, sio roho mbaya. Huyo akinirambia siti mimi naosha mara saba, na usiku huu maji napata wapi?" Nilimwelewa. Nikamwambia sawa kaka, nikakaa pale barabarani na Drafti kalala miguuni kwangu, anahema. Jamaa akaondoka kama hatua hamsini, akasimama, akarudi kinyumenyume. Kumbe ana turubai la mvua nyuma. Tukamviringisha Drafti kwenye turubai kama ndizi mzuzu, tukaenda naye mpaka Kinondoni. Njiani jamaa alikuwa ananiuliza kila dakika, "Bado anapumua?"

MCHANGA KWENYE MKOJO

Kliniki yenyewe ni vyumba viwili tu. Dokta alikuwa katangulia, kavaa kanga juu ya gauni. Akamgusa Drafti mara moja tu tumboni akasema, "Kaziba."

Nikaelezwa kitu ambacho biolojia ya shule haikunifundisha. Mbwa dume ana mfupa ndani ya uume. Njia ya mkojo inapita kwenye mfereji chini ya huo mfupa, na mfupa hautanuki. Kwa hiyo kijiwe kikitoka kwenye kibofu kinateleza vizuri mpaka hapo, kikifika kwenye mfupa kinakwama. Jike njia yake ni fupi na pana, kijiwe kidogo anaweza kukitoa bila hata wewe kujua. Dume akiziba kabisa, mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu inapanda, na potasiamu ikipanda sana moyo unasimama. Siku mbili tatu zinatosha kummaliza.

Alimchoma sindano ya usingizi, akaingiza mpira mwembamba kama waya wa simu, akasukuma maji ya dripu ili kile kijiwe kirudi kibofuni. Mara ya kwanza ikagoma. Ya pili ikagoma. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Drafti na dereva wa bajaji amesimama mlangoni na turubai lake. Ya tatu, mkojo ukatoka! Rangi ya chai ya rangi iliyokolea, harufu ya kukata pua, beseni likajaa. Sijawahi kufurahia mkojo kiasi kile maishani mwangu.

Asubuhi akapigwa eksirei, haikuonyesha jiwe. Nikadhani tumepona. Dokta akacheka, akamwekea mashine ya altrasaundi, na mle kibofuni tukaona chenga chenga zinameremeta kama nyota. Akanieleza kwamba kuna mawe ambayo eksirei inayaona vizuri, na kuna haya mengine, ya chumvi za asidi ya yuriki, ambayo mara nyingi eksirei inayapita kama hayapo.

Halafu akashika kalamu, akaniuliza, "Unamlisha nini?"

Nikajibu kwa kujiamini, maana hapo ndipo nilipojua nimefaulu. Maini, dokta. Figo, bandama, na dagaa.

Akaweka kalamu chini.

Sikiliza basi, na hapa sitaki usinzie. Nyama za ndani kama maini, figo na bandama, na samaki wadogo kama dagaa, wana kitu kingi kinaitwa purini. Mwili ukizivunja purini unapata asidi ya yuriki. Kwa mbwa wa kawaida, hata yule koko wa Temeke, asidi hiyo inaingia kwenye ini, inageuzwa kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka kirahisi sana kwenye maji, kinatoka na mkojo, mchezo umekwisha. Dalmatian ini lake linajua kazi hiyo vizuri, ila mlango wa kuingilia umefungwa! Asidi inabaki nje kwenye damu, inamwagwa yote kwenye mkojo. Mkojo ukiwa mwingi na mwepesi, inapita. Mkojo ukiwa kidogo na mzito, inaganda, inakuwa mchanga, mchanga unakuwa mawe.

Mwaka 2008 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe iliyoharibika, inaitwa SLC2A9. Dalmatian wa damu safi wamerithi kasoro hiyo kizazi kwa kizazi pamoja na madoa yao. Huko nyuma, mwaka 1973, mtaalamu mmoja wa urithi wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer ili kurudisha jeni nzima, halafu uzao wake ukaendelea kuchanganywa na Dalmatian mpaka ukafanana nao kabisa. Wenye chama cha mbwa wa kule wakabishana weee, mpaka mwaka 2011 ndipo uzao huo ulipokubaliwa rasmi kuandikishwa. Drafti wetu hana bahati hiyo.

Tena usimcheke sana. Sisi binadamu hatuna kabisa kile kimeng'enya cha kugeuza asidi ya yuriki, ndiyo maana wazee wetu wanakula nyama choma na bia halafu kidole gumba cha mguu kinavimba, wanaita jongo. Dawa ya jongo, alopurinoli, ndiyo hiyo hiyo Drafti alikuja kuandikiwa. Ila dokta alinionya, dawa hiyo ukimpa mbwa huku unaendelea kumpa maini, anatengeneza mawe ya aina nyingine. Kwa hiyo haisaidii bila kubadili sufuria.

"UMEMPA MAJI?"

Mchanga kama ule kuna wakati unaweza kuyeyushwa kwa chakula na dawa kwa wiki kadhaa, lakini Drafti alikuwa ameshaziba mara moja na angeweza kuziba tena wakati wowote. Dokta akashauri apasuliwe. Bili yote, pamoja na ya usiku, laki nne na nusu. Niliuza spika yangu, nikakopa kwa mshikaji wa bucha, na bado haikutosha. Ikabidi nimpigie mjomba.

Siku nzima ya kwanza nilikuwa nimemdanganya kwamba Drafti hajambo. Sasa nikamwambia yote, ila la maji sikulisema. Mjomba akakaa kimya. Halafu akauliza swali moja tu. "Ulikuwa unampa maji?"

Nikajibu ndiyo, nilikuwa nampa.

"Ya wapi?"

Msomaji, ningeweza kusema ya dumu. Nilinyamaza, na yeye akaelewa. Hakufoka. Alisema, "Haya, nakutumia hela," akakata simu. Bora angefoka.

Baada ya upasuaji dokta alinipa vijiwe kwenye kichupa. Vidogo, laini, vya mviringo, rangi ya manjano inayoelekea kijani, kama choroko zilizokobolewa. Kichupa hicho kipo mezani ninapoandika.

SUFURIA JIPYA

Somo la kwanza nililopewa ni hesabu ya maji. Kwa kukadiria tu, mbwa anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ukijumlisha na yaliyomo kwenye chakula. Drafti kilo 25, piga mwenyewe: ni lita moja na robo mpaka lita moja na nusu. Na joto la Dar ongeza. Mimi sijui kama alikuwa anafikisha hata nusu lita. Dalmatian na mwenzake yeyote aliyewahi kuwa na mawe inabidi avuke hapo, mkojo wake uwe mwepesi, wa njano ya kupauka kama maji yaliyosuuziwa ndimu. Ukikolea kama chai, mbwa wako ana kiu.

Sasa maji anapata matamu, yale yale ya dumu langu. Mabakuli matatu ya bati, moja verandani, moja chini ya mwembe, moja jikoni. Yanasuguliwa kila siku, kwa sababu ule utelezi unaoota ndani ya bakuli mbwa anaunusa kabla hajafika. Anakunywa kama ngamia! Kumbe muda wote ule hakuwa mbwa asiyependa maji.

Halafu maji mengine yanapitia kwenye chakula, na hii ndiyo siri iliyonifurahisha zaidi. Chakula kikavu cha mfuko kina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo kinafika kwenye asilimia 75 au zaidi. Kwa hiyo hata kama unatumia cha mfuko, kimwagie maji ya uvuguvugu, kiache kilowe, ndipo umpe. Drafti mimi nampikia wali bokoboko, maji mengi, mayai ya kuchemsha, karoti, boga, na mtindi kidogo. Mayai na maziwa yana protini lakini purini zake ni kidogo sana. Nyama ya kawaida anapata kidogo kwa kipimo cha dokta. Maini, figo, bandama na dagaa, marufuku. Na dokta alinipa unga wa madini na vitamini wa kuchanganya, maana chakula cha kupika nyumbani peke yake, hasa kwa muda mrefu, kinamkosesha mbwa kalsiamu na vingine. Usije ukakopi sufuria langu ukampa mbwa wako bila kumwona mtaalamu.

Chumvi sitii. Vitunguu sitii kabisa, iwe maji au saumu, maana vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mkojo unaweza kugeuka rangi ya kahawia, ukadhani ni mawe kumbe ni kachumbari yako. Mchuzi wa pilau uliobaki, kula mwenyewe.

Kuna mama mmoja mtaani aliposikia hadithi hii akakimbilia kumkatia jike lake nyama yote. Hapana mama yangu! Mawe hayafanani. Majike wengi mawe yao ni ya struvaiti, na kwa mbwa hayo kawaida yanaanzishwa na bakteria waliopanda kwenye kibofu. Hapo ni dawa ya kuua bakteria na chakula maalumu, na mara nyingi yanayeyuka bila kisu. Kuna ya kalsiamu oksaleti, yanawapata sana mbwa wadogo wadogo wa manyoya kama Shih Tzu na Yorkshire Terrier, na hayo hayayeyuki kwa chakula chochote, lazima yatolewe. Kuna jamaa aliniambia niwe natia magadi kidogo kwenye maji. Dokta alikataa katakata: mkojo wa Drafti usiwe mkali, sawa, lakini ukiupindua kupita kiasi unatengeneza mawe ya namna nyingine. Yeye anaupima kwa vile vijikaratasi vya kubadilika rangi, mimi napima kwa macho na mop.

Na mkojo mwekundu si lazima uwe mawe. Homa ya kupe inaweza kuugeuza mkojo wa mbwa kuwa wa kahawia, na kupe ninyi mnawajua. Kuna pia leptospirosi, inayoenezwa na mkojo wa panya kwenye madimbwi na vyombo vilivyoachwa wazi. Inapiga figo za mbwa, na binadamu inampata vile vile. Ndiyo hiyo iliyotangazwa Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, ikaua watu watatu. Dumu langu la uani lililokatwa, ambalo usiku panya walikuwa wanajivinjari juu yake… nikifikiria najisikia baridi.

Ya mwisho, mbwa akianza ghafla kunywa maji kupita kiasi, zaidi ya mililita 100 kwa kilo kwa siku, usishangilie. Inaweza kuwa kisukari, au figo, au kwa jike ambaye hajafungwa uzazi, usaha kwenye kizazi. Wala usiondoe bakuli. Nenda kliniki.

Mnyororo niliutupa. Drafti anatoka uani mara nne au tano kwa siku, ya mwisho saa nne usiku, mimi nimekaa kwenye ngazi nahesabu sekunde kama kocha. Kama kuna dimbwi verandani asubuhi, na lipo mara moja moja, napiga deki. Mjomba alikuja likizo mwezi uliopita. Hakuzungumzia kitu, ila nilimwona anaonja maji ya bakuli la Drafti kwa kidole.

Yule dereva wa bajaji siku hizi ndiye anatupeleka kliniki kila miezi mitatu kwa ajili ya altrasaundi, na turubai lake. Jumamosi iliyopita tulipofika getini, Drafti akashuka, akalizunguka lile gurudumu la mbele, akanyanyua mguu. Alikojoa sekunde kumi na tisa mfululizo. Jamaa alimsubiri amalize, akanigeukia, akasema, "Kaka, hiyo ya kuosha utanilipa."

Nikamlipa.